Ndani ya Vigingi

Kanali wetu mmoja mstaafu ameandika kitabu cha historia ya Rejimenti ya Pelin, na mwanangu amenisomea chote. Vita vimo, medali zimo, hata farasi wa Kanali aliyekufa kwa msokoto wa tumbo kapewa ukurasa mzima. Bonde la Shinkai limepewa mistari miwili: tuliingia, tukakusanya bunduki za faini, tukatoka, na tukapoteza askari mmoja kwa kisu cha mwenyeji. Nilimwambia mwanangu akifunge hicho kitabu kabla sijakitia jikoni. Kwa kisu cha mwenyeji! Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimekaa karibu kiasi cha kurukiwa na damu, na hadi leo sijapata mtu wa kunieleza nilichokiona.

Jina langu ni Kahan Singh, Kalasinga wa Gujranwala, dafadari mstaafu, yaani nilikuwa nikipiga kelele na wenzangu wakitii. Nimekaa mpakani na Wapathani miaka mingi kuliko niliyokaa na mke wangu, na mke wangu hajanisamehe. Nawapenda, ingawa ukimwambia Mpathani kwamba unampenda atakuuliza unataka nini.

Katika rejimenti yetu askari hakupewa farasi. Alikuja na farasi wake, tandiko lake na upanga wake, na serikali ya wazungu ikampa bunduki na mshahara. Askari kila wawili walikuwa jozi. Jozi walikaa hema moja, wakapika sufuria moja, na walichangia farasi mmoja wa mizigo pamoja na mkata majani mmoja wa kuwalishia wanyama. Jozi wako akienda likizo, wewe ndiye wa kumtunzia farasi wake. Kwa hiyo jozi hawakupewa likizo pamoja hata siku moja, hata kama wote wawili wamefiwa.

Mkuu wetu sisi wenyeji alikuwa Risaldari Paind Khan, mzee wa Kipathani wa kabila la Kikhattak, mwenye ndevu alizozipaka hina na akili alizozificha ili wazungu wasimchoshe kwa maswali. Siku moja alikuwa langoni akipokea askari mpya, kijana mrefu aliyeitwa Sarbiland, mtu wa bonde la Shinkai. Wakati huohuo akapita Mehrab Gul, naye wa Shinkai, aliyekuwa na mwaka mmoja kwenye rejimenti. Vijana wale wakasimama ghafla kama paka wawili.

"Mnajuana?" Risaldari akauliza.

"Tunajuana," Mehrab Gul akajibu.

"Kiasi gani?"

"Kiasi cha kuuana."

"Vizuri sana," Risaldari akasema. "Basi nyinyi ni jozi. Dafadari, waonyeshe hema lao."

Nilidhani mzee amechanganyikiwa. Nikamfuata pembeni nikamwambia, "Mheshimiwa, unataka nizike maiti ngapi asubuhi?" Akanitazama kwa kunionea huruma. Wakiwa jozi, akaniambia, hawatakuwa nyumbani pamoja kamwe, kwa sababu mmoja akienda likizo mwingine anabaki na farasi. Kama hawakutani kule bondeni, hawauani. Na huku kwetu hakuna wa kumuua mwenzake. Aliyekula chumvi ya rejimenti aliacha kisasi chake nje ya lango, na hilo Wapathani wote walilishika kuliko wanavyoshika kiapo cha mahakamani.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa kawaida kule kwao. Nyumba mbili zinatazamana, korongo katikati, kila nyumba na mnara wake wa kupigia risasi. Walianza kuuana kwa sababu ya maji ya mfereji, wakaendelea kwa sababu ya waliouawa. Wa mwisho kuuawa alikuwa baba yake Mehrab Gul. Muuaji, ami yake Sarbiland, alikufa kwa homa kitandani kabla kisasi hakijalipwa, jambo lililoonekana kama utovu wa adabu. Deni la damu likamwangukia Sarbiland, na wa kulidai alikuwa Mehrab Gul, kwa sababu mama yake, Bakhtawara, hakuwa na mtoto mwingine.

Wiki ile ya kwanza sikulala vizuri. Baadaye nilikosa usingizi kwa vicheko vyao. Sijawahi kuona watu wawili wanaotaniana hivyo. Sarbiland alikuwa na mdomo usiokaa, na utani wake wote ulihusu kifo chake.

"We Mehrab," angesema wakiwa wanasugua farasi, "utakaponipiga risasi, piga upande huu. Upande wa kushoto una koti jipya."

"Nitakuvua kwanza," Mehrab Gul angejibu bila kugeuka. "Sina haja ya kuharibu mali yangu."

"Halafu mama yako atalivaa?"

"Mama yangu usimtaje, mwana wa mwizi wa maji."

Kisha wanacheka mpaka farasi wanashtuka. Ukiwa mgeni ungedhani ni ndugu wa tumbo moja, na ukiambiwa ukweli ungemkimbilia kasisi wako.

Ulipokuja mwaka wa kipindupindu, Sarbiland alilala hemani akitapika, macho yameingia ndani, na daktari alishapita bila kusimama. Mehrab Gul hakutoka mle hemani. Alimnywesha maji ya mchele kijiko kwa kijiko, akamfulia nguo zile ambazo hata wafagizi walikataa kuzigusa. Niliingia nikamkuta amemshika masikio yote mawili, anamfokea usoni: "Huna ruhusa! Unasikia? Huna ruhusa ya kufa kwa tumbo. Wewe ni wangu!" Sarbiland akafungua jicho moja akasema, "Basi punguza kelele, nitapona." Akapona.

Sasa jambo ambalo lilinichukua miaka kulielewa. Mehrab Gul hakwenda likizo. Zamu yake ilipofika, alimpa mwingine. Nilipomuuliza akaniita kwa heshima, kama wanavyotuita sisi Makalasinga: "Sardari, nikienda nyumbani baba yangu hajalipiwa kisasi, mama ataniwekea chakula asinitazame. Nitakula vipi?" Hilo nililielewa. Lakini Sarbiland naye hakwenda. Yeye hakuwa na aibu yoyote, angeweza kwenda akatembea kifua mbele bonde zima, maana mdai wake yuko huku Kohat, kambini kwetu, anatunza farasi. Nikamuuliza yeye pia.

"Nikitembea kule mzima," akasema, na mara hiyo hakutania, "watu watasema nini? Watasema mtoto wa Bakhtawara ni mwoga, adui yake anacheza ngoma harusini. Jozi wangu hawezi kwenda, basi na mimi siendi."

Baba yake alikuwa hai, Mzee Hamzullah, akimtumia salamu kwa kila msafiri. Alimwacha mzee akimtazamia mwaka baada ya mwaka kwa ajili ya heshima ya mtu aliyekusudiwa kumuua. Niambie nani atayaandika hayo kitabuni.

Kisha serikali ikaamua kuwatia adabu watu wa Shinkai kwa wizi wa bunduki barabarani. Tukapewa amri ya kuingia bondeni pamoja na askari wa miguu na mizinga ya nyumbu. Kanali aliwaita wawili wale akawaambia kwa wema wake wanaweza kubaki Kohat. Walitoka pale wamevimba kwa hasira. Mehrab Gul alisema hakula chumvi miaka yote ile aje abaki na wagonjwa. Lakini mimi nilimwona Risaldari amekaa peke yake anang'oa nyasi, nikajua ana wasiwasi. Kisasi kiliachwa nje ya lango. Sasa sisi wenyewe tulikuwa tunatoka nje ya lango na kwenda mpaka mlangoni kwa kisasi.

Tulipopiga kambi ya kwanza ndani ya bonde, Risaldari aliwakusanya Wapathani wa kikosi. Wakajadili kama wanavyojadili, kila mtu na mkono hewani. Mwishowe wakakubaliana: lango la rejimenti ni pale farasi wetu wanapofungwa. Tunapigilia vigingi, tunavuta kamba kuzunguka farasi na mahema, na ndani ya vigingi ni Kohat. Hakuna damu ya nyumbani itakayomwagika humo. Askari akitoka kwa amri, amevaa sare, vigingi vinakwenda naye. Akitoka kwa shughuli zake, shauri yake.

"Basi mimi hata haja naenda kwa amri," Sarbiland akasema. "Dafadari, nipe amri."

Wakaangua kicheko, hata Risaldari. Mehrab Gul naye alicheka, lakini macho yake yalikuwa ng'ambo, kwenye mnara wa kwao. Ulionekana wazi kutoka kambini, na juu ya paa palikuwa na mtu mdogo amejifunika nguo nyeusi, amesimama tu.

Watu wa bonde hawakupigana sana. Walifyatua risasi siku mbili tatu kwa ajili ya heshima, kisha wazee wao wakaanza kuja kambini kuomba kupunguziwa faini ya bunduki. Siku nzima waliingia na kutoka, wakinywa chai yetu na kulalamika kwamba haina sukari. Walinzi waliwapekua wanaume wote, mpaka ndani ya vilemba. Mwanamke hakupekuliwa, kwa sababu hakuna mwanamke aliyekuja, na kama angekuja, hakuna Mpathani ambaye angemgusa, wala sisi tusingethubutu. Kwao mwanamke hauawi katika kisasi, wala hahesabiwi, wala haui. Miaka na miaka ya mambo yao ya damu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amewahi kulifikiria jambo hilo. Risaldari mwenye akili zake zote hakulifikiria. Walipanga yote mpaka mahali pa kwendea haja, na hilo hawakulipanga.

Alikuja asubuhi, jua limeshapanda. Mwanamke mfupi, mkavu, viatu vya nyasi miguuni, kichwani kitambaa kilichofungia mikate ya mahindi. Akamwambia mlinzi wa Kipathani kwamba amekuja kumwona mwanawe, Mehrab Gul. Mlinzi akainamisha macho chini, akarudi nyuma hatua tatu, akampisha. Risaldari mwenyewe alitoka hemani kumlaki.

"Karibu, mama. Mwanao ni simba wa rejimenti hii."

"Yuko wapi?"

"Kapeleka farasi mtoni. Anakuja sasa hivi. Hema lake ni lile pale."

Nilikuwa nje ya hema langu, la jirani, na tandiko mapajani nalipaka mafuta. Nilimwona akija kati ya safu za farasi, akitazama kila kitu, kamba, ndoo, mashuka yaliyoanikwa. Nikajisemea, maskini, anatazama mahali mwanawe alipokuwa akiishi miaka hii yote. Nikamkumbuka mama yangu.

Sarbiland alikuwa amekaa mlangoni akishona hatamu. Alipomwona, alisimama haraka mpaka sindano ikamchoma. Alimjua. Amekua akimwona kila siku, kila mtu na paa lake, ng'ambo na ng'ambo. Mama ndiye hakumjua yeye, kwa sababu Sarbiland aliondoka kijana wa kidevu kitupu, na sasa alikuwa na ndevu mpaka kifuani.

"Karibu, mama," Sarbiland akasema. "Mimi ni jozi wa mwanao."

Mama akamtazama. "Jina lako?"

Hapo angeweza kudanganya. Angeweza kusema jina lolote, na mimi nilifungua mdomo nimsemee, nimpe hata jina la Kikalasinga. Lakini alikuwa ndani ya vigingi, na mbele yake alisimama mama wa mtu aliyemnywesha maji kwa kijiko.

"Sarbiland, mama. Mwana wa Hamzullah."

Mwanamke yule hakubadilika uso. Akatua kitambaa cha mikate chini taratibu. Sarbiland akainama, kichwa wazi, kama anavyofanya kijana yeyote wa kwao mbele ya mama wa rafiki yake, ili mama amwekee mkono kichwani ambariki. Mama akamwekea mkono wa kushoto kichwani. Nakwambia, nilitabasamu. Niliuona ule mkono ukitulia juu ya nywele zake, nikatabasamu mimi mjinga, nikasema moyoni, yamekwisha.

Wa kulia ulitoka ndani ya nguo nyeusi na kisu.

Sikumbuki kusimama. Nakumbuka tandiko lilianguka, na nakumbuka Sarbiland alipiga magoti kama mtu anayetafuta kitu chini, mkono shingoni, damu ikipita katikati ya vidole. Alinitazama. Alikuwa ameshangaa tu. Hakuwa na hasira wala hofu, ameshangaa kama sisi sote, kama farasi wake mwenyewe amezungumza. Nilimshika, nikabana lile jeraha kwa kilemba changu, nikapiga kelele, lakini alishakwenda. Ilikuwa haraka kuliko ninavyosimulia.

Nilipoinua macho nilidhani mama yule amekimbia. Alikuwa amekaa chini. Amekunja miguu, amekipangusa kisu kwenye majani, na sasa anafungua kile kitambaa na kupanga mikate, mmoja mmoja, upande usiopata vumbi.

"Mwiteni mwanangu," akasema. "Mwambieni aje ale, ingali moto."

Watu walitoka kila hema. Wapathani, Makalasinga, Madogra, wapishi, wafagizi. Duara likajaa na hakuna aliyemsogelea. Nimepigana mara nyingi, nimeona watu wakikatwa, na sijawahi kuona askari wengi hivyo wamekufa ganzi kwa wakati mmoja. Mlinzi aliyempisha alikaa chini akajifunika uso. Risaldari alisukuma watu, akafika, akaona.

"Mama," akasema, "umefanya nini? Humu ni ndani ya vigingi."

"Vigingi vyenu nyinyi wanaume," akajibu. "Mimi sikuulizwa."

Wallahi, kama anavyoapa Mpathani, nani angemjibu? Hakuulizwa, kweli.

Ndipo Mehrab Gul akatokea kutoka mtoni, amepanda farasi wake bila tandiko, anamvuta wa Sarbiland kwa kamba. Alikuwa anaimba. Aliona duara, akaacha kuimba, akashuka. Watu wakampisha. Aliona mwili, akamwona mama yake, naye mama akamtazama muda mrefu, akitafuta ndani ya uso wa lile jibaba lenye ndevu yule mtoto aliyeondoka.

Kisha akatabasamu. Uso wote ule mkavu ulifunguka. Alikuwa mzuri, yule mama.

"Nimemaliza, mwanangu," akasema. "Ulishindwa, sikulaumu, moyo wako laini tangu utoto. Nimelimaliza mimi. Sasa unaweza kurudi nyumbani."

Hapo ndipo nilipoelewa. Sikuwa nimeona chuki hata kidogo. Mwanamke yule alitembea mpaka kambini kumwondolea mtoto wake kizuizi cha mlangoni, basi. Alimtaka mtoto wake.

Mehrab Gul aligeuka. Aliwapeleka farasi kwenye vigingi. Akamfunga wa Sarbiland kwanza, miguu ya nyuma, mafundo mawili, akayakagua. Akamfunga wake. Akarudi, akakaa, akakiweka kichwa cha jozi wake mapajani na kuanza kumtoa majani ndevuni, jani kwa jani.

"Mehrab," mama akaita. "Njoo ule."

"Mama," akasema bila kuinua kichwa, "mimi nilikuwa nyumbani."

Yule mama hakuelewa. Alinitazama mimi, Kalasinga mwenye damu mikononi, kana kwamba ningeweza kumfafanulia.

Kanali alikuja mbio na maofisa wake, uso mwekundu, akitaka mwanamke afungwe, ahukumiwe, anyongwe. Amri ikatolewa na hakuna mtu aliyesogea, hata wale askari wa miguu. Risaldari akamwambia, "Ukimnyonga mwanamke kwenye bonde hili, kila mwanaume kuanzia hapa mpaka Kabul atashuka na bunduki, na wa kwanza watakuwa hawa waliosimama nyuma yangu." Hakuna sheria iliyofaa, si yake, si ya Wapathani, si ya rejimenti. Mwishowe duara likafunguka upande mmoja, na Bakhtawara akasimama, akaita jina la mwanawe mara moja tena, akangoja, kisha akatoka peke yake. Mikate ilibaki. Mpishi mmoja aliitupa mtoni kwa koleo, asiiguse kwa mkono.

Mchana Mehrab Gul alimwosha jozi wake, akamvika sanda, akamlaza juu ya farasi wao wa mizigo. Akavua koti la rejimenti akalikunja akanipa. Nikamuuliza unakwenda wapi, ingawa niliona.

"Nampeleka kwao."

"Watakuua, kijana. Wana haki na wana bunduki. Sasa damu iko juu yako wewe."

"Najua, Sardari. Lakini hawezi kwenda peke yake, hajafika miaka mingi."

Kanali akasema akivuka kamba ile atakuwa mtoro na atapigwa risasi. Risaldari akamjibu kwa heshima kamili, "Basi mpige wewe, bwana, maana hapa hakuna mwingine atakayempiga." Kanali akaingia hemani kwake. Huyo ndiye mwandishi wetu wa historia.

Mkata majani wao, Nathu, Mhindu mzee asiye na adui duniani kwa sababu hakuna aliyewahi kumtazama, alikwenda naye ili amrudishe farasi. Sisi tulipanda kilima cha walinzi tukatazama. Tuliona wakishuka korongoni, wakatokea upande wa pili. Tuliona wanaume wakitoka nyumba ya Hamzullah na bunduki. Nikajikaza kungoja mlio. Haukuja. Baada ya muda wote wakaingia ndani, naye Mehrab Gul pamoja nao, na lango likafungwa.

Nathu alirudi jioni akatueleza. Mzee Hamzullah aliuliza nani kamuua mwanangu. Mehrab Gul akajibu, mama yangu, ndani ya vigingi, mwanao akiwa ameinama abarikiwe, na mimi nimekuja. Ndugu za marehemu wakaelekeza bunduki kifuani kwake, na yeye hakuinua mkono. Lakini mzee alikuwa ameshafunua sanda, anaushangaa ule uso.

"Huyu ndiye? Mwanangu hakuwa na ndevu." Akamfungua mdomo kwa kidole gumba. "Na jino hili? Lilivunjika lini?"

"Farasi alimpiga teke," Mehrab Gul akasema. "Mwaka uliofuata kipindupindu."

"Alilia?"

"Alicheka. Alisema sasa anaweza kupiga mluzi vizuri."

Mzee akasimama, akashika mtutu wa kila bunduki, mmoja baada ya mwingine, akaishusha chini. "Mwacheni," akasema. "Huyu peke yake ndiye anayemjua mwanangu. Mkimuua, mimi nitamuuliza nani?"

Tulikaa kwenye bonde lile mpaka faini ikaisha, na kila siku kutoka kilimani, kwa darubini ya walinzi, nilimwona Mehrab Gul kwenye nyumba ile. Alibeba maji kutoka mferejini. Alichanja kuni. Na alipomaliza, alipanda juu ya paa akakaa karibu na mzee, na tuliona mikono yake ikisimulia, hapa farasi, pale upanga, hapa mtu anaanguka kwa kicheko. Mzee aliinamia mbele asikose neno. Hakurudi kwetu tena, na jina lake likaandikwa utoro.

Ng'ambo ya korongo, juu ya paa lake, alisimama Bakhtawara. Alimtaka mwanawe arudi bondeni, na bondeni alikuwemo, umbali wa kurusha jiwe, akimchotea maji mzee wa adui. Mwanzoni alimwita kwa jina lake. Kisha akamtukana. Kisha akalia. Mehrab Gul hakugeuka hata mara moja, naye mzee Hamzullah alikuwa akimtazama mwanamke yule kwa jicho ambalo sipendi kulikumbuka, kwa sababu halikuwa na uadui.

Siku tuliyoondoka ilikuwa asubuhi nyeupe, jua limewaka juu ya theluji ya vileleni mpaka macho yanauma. Tulipita chini ya korongo kwa safu, farasi mmoja mmoja, na sauti ya Bakhtawara ikatufuata njia yote, wazi kabisa, maana bonde lile linabeba sauti. Hakuwa akiita Mehrab Gul tena. Alikuwa akiita jina la utotoni.

"Gulai! Gulai we! Giza linaingia, mwanangu, rudi ndani!"

Mbele yangu Risaldari Paind Khan alifungua ncha ya kilemba chake akajifunga masikio, akakaza fundo kwa nguvu. Hakukuwa na baridi.